Sauti Iliyokawia Njiani Kufika Komanda

Komanda, katika jimbo la Ituri nchini Kongo, ilikuwa njia panda kabla ya kuwa mji. Barabara ya kitaifa namba 4 inatoka Beni, inapita Eringeti na Luna, na ikifika hapo inageukia magharibi kuingia msitu wa Mambasa hadi Kisangani. Namba 27 inaanzia hapo hapo kwenda Bunia, kama kilomita 75. Mtu asiyeona anaisoma njia panda hii kwa masikio: lori la mbao linalonguruma likipunguza mwendo, wenye pikipiki wanaoita abiria wa Bunia, mama anayetaja bei ya sombe na ndizi. Lolote linalosemwa linamfikia. Linalompita ni lile lililoandikwa.

Ninayoisimulia hapa ni historia ya jinsi maandishi yalivyopata sauti, na ya sababu zilizoikawiza sauti hiyo njiani kabla haijamfikia msomaji wa Ituri. Tuanze na umbali, maana umbali unaeleza mengi. Chuo cha taifa cha wasioona, Institut National pour Aveugles, kiko Kinshasa. Kutoka Komanda hadi huko, kwa mwendo wa ndege, ni kilomita 1,700 hivi. Kwa barabara, safari hiyo si ya kumtuma mtoto. Sasa geukia mashariki. Shule ya wasioona ya Madera, Soroti, nchini Uganda, iliyofunguliwa mwaka 1955, iko karibu kwenye latitudo moja na Komanda. Ukinyoosha mstari unavuka Ziwa Albert, unapita karibu na Hoima, unafuata maji ya Kyoga, na baada ya kilomita 430 hivi umefika. Thika, Kenya, ambako Jeshi la Wokovu lilianzisha shule ya wasioona mwaka 1946, ni nusu ya safari ya Kinshasa. Ila elimu ya Mkongo asiyeona haikufuata njia ya karibu. Ilifuata lugha ya dola, na lugha ya dola ilikuwa, na bado ni, Kifaransa.

Hilo peke yake lisingekuwa msiba, kwa sababu nukta nundu zenyewe ni uvumbuzi wa Kifaransa. Louis Braille alizaliwa Coupvray mwaka 1809, mtoto wa fundi wa matandiko ya farasi, akaumia jicho kwa msharasi wa baba yake alipokuwa na miaka mitatu; kidonda kikaambukiza jicho la pili. Mwaka 1824, akiwa na miaka 15, alikuwa amekwisha kupanga alfabeti yake ya nukta sita, na mwaka 1829 akaichapisha. Wataalamu wenye macho walikuwa wamejaribu kabla yake kuchapa herufi za kawaida zilizovimba, herufi zinazopendeza kuzitazama na zinazochosha kidole. Kijana kipofu ndiye aliyejua kidole kinataka nini. Jambo hili lishikwe vizuri, kwa maana litarudi tena na tena katika habari hii.

Alfabeti ya Braille ilipangwa kwa herufi ambazo Kifaransa cha siku zake kilizihitaji, na W haikuwamo. Iliongezwa baadaye, ndiyo maana umbo lake linakatiza mpangilio wa wenzake. Watu, wetu, wewe, wanawake: herufi tusiyoweza kuimaliza sentensi bila kuigusa iliingia nukta nundu kama mgeni aliyechelewa. Sijui mfano mwingine mdogo kuliko huu unaoonyesha wazi zaidi kwamba chombo cha kuandikia hubeba ndani yake lugha ya aliyekitengeneza.

Mwaka 1951 shule ya Perkins, huko Watertown, Massachusetts, ilianza kutoa mashine ya kuandikia nukta nundu iliyobuniwa na David Abraham, mwalimu wa useremala. Ina vitufe sita, kimoja kwa kila nukta, na uzito wake unakaribia kilo tano za chuma. Perkins ilienea Afrika Mashariki yote na kudumu. Ni mashine ngumu, isiyotaka umeme. Ubaya wake ni karatasi: kitabu kimoja cha shule kikigeuzwa nukta nundu huwa majuzuu kadhaa mazito, na mwalimu mwenye macho ambaye hakufundishwa nukta nundu hawezi kusahihisha kazi ya mwanafunzi wake. Asiyeona akawa na maandishi yake pembeni, na ulimwengu wa wenye macho ukabaki na yao.

Upofu wa Kongo nao una historia yake. Mapema miaka ya 1930 daktari wa macho Mbelgiji, Jean Hissette, alikuta katika vijiji vya Kasai watu wengi waliopofuka, na akaonyesha kwamba chanzo ni minyoo inayoenezwa na inzi weusi wa maji yaendayo kasi, ugonjwa ambao Kiswahili kinauita usubi. Wakubwa wa tiba huko Ulaya hawakumwamini mara moja. Ilibidi msafara wa Chuo Kikuu cha Harvard uje mwaka 1934 kuthibitisha. Usubi uko Ituri pia, kwenye mito ya Mahagi na ya milima iliyo juu ya Ziwa Albert. Mwaka 1987 kampuni ya Merck ilitangaza kutoa bure dawa ya Mectizan kwa kadiri itakavyohitajika, na vidonge hivyo vimeokoa macho ya watu wengi mno. Lakini dawa huzuia tu. Aliyekwisha kupofuka haimrudishii kitu, na huyo ndiye ninayemfuata katika kurasa hizi.

Mashine ya kwanza ya kusoma kwa sauti kitabu chochote kilichochapwa ilitangazwa na Raymond Kurzweil mwezi Januari 1976. Ilijaza meza, na bei yake ilikuwa ya nyumba, si ya chombo. Mwanamuziki Stevie Wonder alikuwa miongoni mwa wanunuzi wa mwanzo. Tuiache hapo. Habari iliyotufikia sisi ilianzia kwenye kompyuta ndogo za mezani, ordinateur kama wanavyoziita Bunia.

Kompyuta za miaka ya 1980 zilikuwa na jambo moja la heri kwa asiyeona: skrini zake zilikuwa maandishi matupu. Mistari 25, herufi 80 kila mstari, kila herufi mahali pake ndani ya kumbukumbu ya mashine. Programu ndogo iliweza kuingia humo, kuchota mstari na kuupeleka kwenye chombo cha kutamka. Huko IBM, Jim Thatcher alikuwa na mwenzake Jesse Wright, aliyekuwa mwalimu wake chuo kikuu na aliyepoteza kuona. Thatcher akaanza kumtengenezea rafiki yake njia ya kuendelea na kazi, na kazi hiyo ya urafiki ikazaa programu ya kusoma skrini ya IBM katikati ya miaka hiyo. Wakati huo huo Ted Henter, mwendesha pikipiki wa mashindano aliyepofuka kwa ajali ya gari mwaka 1978, alijifunza kuandika programu kwa kusomewa na watu, akaanzisha kampuni na Bill Joyce mwaka 1987, na miaka miwili baadaye wakatoa JAWS. Jina hilo ni kifupi cha maneno yanayosema: kupata kazi kwa njia ya usemi. Kazi ndiyo iliyokuwa shabaha.

Kisha ikaja Windows, mwaka 1990 toleo la tatu likasambaa kila ofisi, na skrini ikageuka picha. Kilichoonekana kama neno sasa kilikuwa rangi tu, vitone vilivyopangwa. Hakuna herufi ya kuchota. Watu wasioona waliokuwa na ajira Marekani na Ulaya waliona mlango uliofunguka juzi unafungwa mbele ya pua zao. Henter na wenzake walitafuta njia ya kuinasa kila amri ya kuchora kabla haijawa picha na kujijengea nakala yao ya maandishi, iliyofichika nyuma ya skrini. JAWS ya Windows ilitoka mwanzoni mwa 1995. Ilisoma vizuri, na iliuzwa karibu dola 1,000.

Dola elfu moja! Baadaye kisomaji cha skrini kiliweza hata kuzidi bei ya kompyuta iliyokibeba. Anayeona akinunua kompyuta, skrini imo ndani ya bei. Asiyeona alitakiwa kununua skrini yake mara ya pili, kwa pesa zaidi. Na Ituri, katika miaka ile ile, haikuwa na nafasi hata ya kulisikia jina la programu hiyo. Tangu 1999 jimbo lilikuwa linawaka. Mwezi Mei 2003 Bunia yenyewe ikawa uwanja wa mauaji, hadi askari wa Umoja wa Ulaya wakiongozwa na Wafaransa walipoingia mwezi Juni. Shule zilifungwa, watu walijificha msituni, na asiyeona alikimbia akiwa ameshika bega la mtu.

Mwaka 2006 naupenda katika historia hii. Mwezi Februari Kongo ilitangaza Katiba yake mpya. Ibara ya kwanza inataja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba, na ibara ya 49 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya hatua mahususi za ulinzi. Mwezi Aprili, huko Australia, mwanafunzi asiyeona aitwaye Michael Curran alichoshwa na bei za visomaji vya skrini, akaanza kuandika chake. Alijiunga naye James Teh, asiyeona pia, ambaye walifahamiana utotoni kwenye kambi ya muziki ya watoto wasioona. Programu yao, NVDA, ni bure, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuurekebisha. Leo imetafsiriwa katika lugha zaidi ya 50. Tena ni asiyeona aliyejua kinachotakiwa, kama kule Coupvray. Na safari hii hata bei ilianguka.

Kisomaji kinahitaji koo la kutamkia. Jonathan Duddington, Mwingereza, alikuwa ameandika mwaka 1995 programu ndogo ya kutamka Kiingereza kwenye kompyuta za Acorn. Mwaka huo huo wa 2006 aliitoa upya kwa jina la eSpeak, ikiwa imepanuliwa kwa lugha nyingi, na NVDA ikaifanya sauti yake. Mwishoni mwa 2015 Reece Dunn aliiendeleza katika tawi jipya, eSpeak NG. Sauti hii, kwa sehemu kubwa, haikurekodiwa kinywani mwa mtu. Mashine inaunda mawimbi yenyewe kwa hesabu, ndiyo maana inatoka kavu, kama mtu anayesema ndani ya debe. Mwenye macho akiisikia mara ya kwanza hukunja uso. Lakini ukubwa wake ni megabaiti chache tu, inakwenda kwenye kompyuta kuukuu kabisa, na ukiiongeza kasi mara tatu maneno bado yanasikika. Wazoefu huisikiliza kwa kasi ambayo jirani aliyeketi pembeni hapati hata silabi.

Na eSpeak inajua Kiswahili. Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu ndipo habari inapofika Komanda.

Fikiria mtu wa Komanda aliyefunzwa kompyuta kwa Kifaransa, kama shule zinavyofunza. Kisomaji chake kimewekwa sauti ya Kifaransa. Anapokea ujumbe wa Kiswahili kutoka kwa dada yake. Sauti ya Kifaransa inaona ch na kusema sh, basi chakula kinakuwa shakula, na u yake inabanwa midomoni mithili ya mtu anayepuliza moto. J ya jana inalainika mpaka haitambulikani. Neno mume linamezwa nusu, kwa kuwa e ya mwisho katika Kifaransa haitamkwi. Ikikutana na an au um inaipeleka puani, kwa hiyo hata jina la mji wake mwenyewe, Komanda, linatoka kwa pua. Msikilizaji anabaki kukisia. Anarudisha mstari nyuma, anasikiliza herufi moja moja, anaunganisha. Ujumbe wa maneno kumi unamla dakika kadhaa.

Weka sasa sauti ya Kiswahili. Mambo yananyooka mara moja, na sababu inampendeza mpenzi yeyote wa lugha hii. Kiswahili kinaandikwa kama kinavyosemwa: irabu tano, kila moja na sauti yake isiyobadilika, mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kiingereza kinailazimu mashine ibebe orodha ndefu ya maneno yasiyofuata kanuni. Kiswahili kinaridhika na kanuni chache. Kwa sababu mashine inafuata herufi, haitafuti neno katika kamusi ya Dar es Salaam, Kiswahili cha Ituri kinapita bila kuulizwa cheti. Andika mutoto, andika bantu banakuya, itatamka kama ilivyoandikwa. Lugha iliyoingia misitu hii na misafara ya pembe za ndovu katika karne ya 19, ikaitwa Kingwana kwa jina la waungwana wa misafara hiyo, ikadharauliwa na walimu wa sarufi kwa kuwa haifanani na ya pwani, inasomwa na mashine bila dharau yoyote.

Kuna mahali inapokwama. Watu wa Bunia na Komanda hawaandikiani Kiswahili kitupu. Wanaandika: kesho tuko na réunion, kuya ku bureau, leta carte. Kanuni za Kiswahili zikikutana na bureau zinatamka kila irabu, bu-re-a-u, na beaucoup inakuwa jambo lisilo na jina katika lugha yoyote. Basi msomaji yuko kati ya sauti mbili, moja inaharibu nusu ya ujumbe na nyingine inaharibu nusu iliyobaki, na anazoea kubadilisha sauti kwa vidole katikati ya sentensi. Wenye macho huvuka kutoka lugha moja hadi nyingine mara ishirini kwa siku bila kujua kwamba wamevuka.

Wengi hawakuikuta sauti hii kwenye kompyuta. Waliikuta kwenye simu. Mwaka 2009 Apple iliweka kisomaji ndani ya iPhone 3GS, na mwaka huo huo Google ikatoa TalkBack ya Android, kazi ambayo T. V. Raman, mhandisi Mhindi aliyepofushwa na glakoma akiwa na miaka 14, alikuwa mmoja wa waliokuwa nyuma yake. Simu ya Android iliyotumika, inayochajiwa kwa paneli ya jua au kwenye kibanda cha mwenye jenereta, ikawa na uwezo ambao mwaka 1995 uligharimu dola elfu na kompyuta juu yake. Baadaye zikaja sauti laini zilizofunzwa kwa rekodi za watu; Microsoft ina nne za Kiswahili, mbili za Kenya na mbili za Tanzania. Ni nzuri kuzisikiliza. Hakuna ya Kongo.

Usiku wa kuamkia tarehe 27 Julai 2025 waasi wa ADF waliingia Komanda na kuua watu zaidi ya 40, wengi wao waumini waliokuwa wakikesha katika kanisa la parokia ya Mwenye Heri Anuarite. Naleta habari hiyo hapa kwa uzito wake wote, kwa sababu anayeishi mahali pa namna hiyo hahitaji simu inayosema kwa ajili ya starehe. Onyo hupita kwa ujumbe wa maandishi, kutoka kijiji hadi kijiji, usiku, kimyakimya. Asiyeona ambaye lazima aamshe mtu amsomee amepoteza dakika ambazo jirani yake hakupoteza. Aliye na kisomaji anaweka simu sikioni na kusikia mwenyewe njia ipi imefungwa.

Upande wa Kenya mambo yamekwenda mbele zaidi. Irene Mbari-Kirika alianzisha inABLE mwaka 2009, na maabara za kompyuta za wasioona zikaanza Thika, ile ile ya 1946. Kilimanjaro Blind Trust Africa ya Nairobi, iliyoanza kwa kutengeneza mashine za Perkins zilizoharibika, imegawa shuleni Orbit Reader, kifaa kidogo chenye mstari wa nafasi 20 za nukta zinazopanda na kushuka kufuata maandishi ya kompyuta. Vifaa vya aina hiyo viliuzwa zamani kwa maelfu ya dola. Kongo nayo ilipata tarehe 3 Mei 2022 sheria yake mahususi ya haki za watu wenye ulemavu. Mwaka 2020, maneno ya UVIKO-19 yalipokusanywa kwa ajili ya mashine za kutafsiri, Kiswahili cha Kongo kiliwekwa katika safu yake chenyewe, pembeni ya kile cha pwani. Wachache waliliona jambo hilo, nami nalihesabu kuwa kubwa: mtu alikubali kwamba Ituri inasema lugha inayostahili faili lake.

Na faili lenyewe si fumbo. Kanuni za Kiswahili ndani ya eSpeak ni maandishi ya kawaida, mstari kwa mstari: herufi upande mmoja, sauti upande wa pili. Pembeni yake kuna orodha ya maneno yasiyofuata kanuni, na yeyote mwenye kompyuta na subira anaweza kupendekeza neno. Mwalimu wa Bunia angeweza kuifanya jioni moja, na asiyeona aliyezoea kukwama angeifanya vizuri kuliko mwalimu. Mimi ningeanza na bureau. Kisha réunion, beaucoup, carte, na yale maneno ya barabarani, barrière, convoi, déplacé, yanayokuja katika ujumbe wa haraka. Majina ya mahali hayahitaji kuingizwa. Luna, Eringeti, Mambasa, kanuni zinayatamka sawasawa. Na Komanda inatoka kinywani, si puani, mkazo ukiwa juu ya ma.